Uzi Uliokazwa: Kusoma Sheria ya Mbio za Matanga kutoka Eldoret

Mkimbiaji wa mbio za nyika pale Lobo, nje kidogo ya Eldoret, haulizi njia. Utepe umefungwa kushoto na kulia, naye hupita katikati. Kitabu cha sheria cha World Sailing, shirikisho la dunia la mbio za matanga, kinachotolewa upya kila baada ya miaka 4, kina kazi ngumu zaidi: kueleza mbio za mahali ambapo utepe haufungiki. Majini kuna alama chache tu zinazoelea, na kati ya moja na nyingine kila nahodha hubisha, yaani huenda mshazari kuukabili upepo, apendavyo. Nakihakiki hapa kwa umbo lake: namna sentensi zake zilivyosukwa, zinamkumbuka nani na kumsahau nani.

Sentensi bora kuliko zote ni ile ya uzi. Tuseme mapito yote ya chombo, tangu kabla ya kuanza hadi kumaliza, ni uzi. Ukivutwa ukakazwa, lazima upite kila alama kwa upande ulioagizwa, kwa zamu yake, na uguse zile zinazozungukwa. Tangu toleo la 2021 maelezo haya yamewekwa katika fasili za istilahi, na hapo ndipo mahali pake. Angalia uelekeo wa wakati: njia haichorwi kabla ya mbio, inasomwa baada ya mbio. Uzi ukikazwa, bisho zote hupotea, na nahodha aliyezunguka alama kinyume anaweza kurudi akaufungua uzi wake, mradi hajamaliza. Mpimaji wa marathoni naye hutafuta mstari mfupi kabisa, lakini huutafuta mapema, juu ya baiskeli yenye kaunta ya Jones, kifaa kinachohesabu mizunguko ya gurudumu. Sheria ya matanga haihitaji baiskeli wala utepe. Inahitaji mtu mwenye macho na karatasi.

Ukarimu huo wa kutodai vifaa unaendelea katika fasili ya alama. Haitaji boya, rangi wala ukubwa. Alama ni kitu chochote ambacho maagizo ya mashindano yanataka kipitwe kwa upande fulani. Yaani mtungi wa plastiki wa lita 20 uliofungiwa jiwe unatosha, na mbele ya sheria una hadhi ileile ya boya la kupuliza la Ulaya. Kisha linafuata kanusho fupi: kamba ya nanga si sehemu ya alama. Asiyewahi kuandaa mbio kwa vifaa vya kuokoteza ataliona kama mkia tu. Lakini jiwe jepesi hudai kamba ndefu, kamba ndefu hulegea, na chombo huikwaruza. Kanusho hilo linamwepusha nahodha na adhabu ya kujizungusha mara moja, ambayo angeipata kwa kugusa mtungi wenyewe.

Kasoro iko katika sheria ya 34, inayohusu alama iliyopotea au kuhama. Chukua Ghuba ya Winam, upande wa Kisumu, ambako gugumaji husukumwa na upepo likiwa visiwa vizima. Kisiwa kama hicho kikiukumba mtungi, kamati inatakiwa, ikiwezekana, kuurudisha mahali pake, au kuweka mwingine unaofanana nao, au kusimamisha pale kitu chenye bendera ya M, ya buluu yenye msalaba mweupe wa mshazari, huku ikipiga honi mfululizo. Kila tendo hapa linadai injini. Klabu yenye boti moja ya mota huitumia pia kuokoa waliopinduka. Ikisimama kuwa alama, nani ataokoa? Sentensi haimjui mwandaaji wa klabu kama hiyo. Kwake yeye limetupwa neno moja, "ikiwezekana", na hilo ni kimya, si msaada. Kufupisha au kufuta mbio kunaruhusiwa, lakini ni faraja ndogo kwa aliyekwisha kuchoma petroli.

Hata hivyo kitabu chenyewe kimeacha mlango wazi. Sheria ya 86 inafunga fasili zisiguswe, lakini haiifungi ya 34. Maagizo ya mashindano yanaweza kuibadilisha, mradi yaitaje kwa namba na kueleza badiliko. Basi katibu wa klabu ndogo, kabla ya king'ora cha kuanza, andika mistari miwili: alama ikihama, chombo kitapita wapi, na matokeo yatahesabiwa kutoka mzunguko upi. Usiiachie "ikiwezekana" iamue wakati boti yako pekee iko kwenye kazi ya uokoaji.