Fanani Bila Uwanja: Redio ya Wanafunzi na Fasihi Simulizi katika Pwani ya Kilifi na Malindi

1.0 Utangulizi

Wahakiki wa fasihi simulizi ya Kiswahili wamezoea kumtafuta fanani uwanjani: arusini, matangani, ngomani, au jikoni ambamo bibi huwatambia wajukuu. Redio, ambayo kwa zaidi ya nusu karne imekuwa ikiingia katika nyumba zile zile, imeachiwa wataalamu wa mawasiliano. Ikiwa redio ya taifa imepuuzwa kiasi hicho, sembuse redio ndogo inayoendeshwa na wanafunzi wa chuo, yenye studio ya chumba kimoja na watangazaji wanaobadilika kila mwaka wa masomo. Makala haya yanadai kwamba redio ya namna hiyo ni uwanja halali wa uhakiki, na kwamba kigezo cha kuipima si umbali yanakofika mawimbi yake bali ni nafasi inayompa msikilizaji ya kujibu. Hoja hiyo inajadiliwa kwa kurejelea pwani ya Kilifi na Malindi, ambako chuo kikuu na jamii inayokizunguka vinatenganishwa na ua, lakini havitenganishwi na hewa.

2.0 Redio na Fasihi: Usuli

Uhusiano wa redio na fasihi katika pwani ya Kenya si mgeni. Enzi za ukoloni Mombasa ilikuwa na Sauti ya Mvita, na baada ya uhuru Sauti ya Kenya, iliyoundwa mwaka wa 1964 na kurejeshewa jina la Shirika la Utangazaji la Kenya mwaka wa 1989, iliendelea kupeperusha taarabu, mashairi na michezo ya kuigiza. Mchezo wa Ushikwapo Shikamana, ulioanza kusikika mwaka wa 1987 kwa juhudi za Tom Kazungu na Kimani Njogu, ulithibitisha kwamba hadithi ya Kiswahili inaweza kuishi masikioni mwa umma kwa miezi na miezi bila kuchapishwa kitabuni.

Hata hivyo, chombo chenyewe kilibaki mikononi mwa serikali. Redio ya jamii ya Homa Bay, iliyoanzishwa kwa msaada wa UNESCO mwaka wa 1982, ilifungwa mwaka wa 1984. Mawimbi yalianza kulegezwa katika miaka ya 1990. Capital FM ikaingia hewani mwaka wa 1996. Utangazaji wa kijamii ulitambuliwa bayana na sheria iliyoanza kutumika mwaka wa 2009. Vituo vya vyuo, kama vile Equator FM ya Chuo Kikuu cha Maseno na Mlimani Radio ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ni sehemu ya mabadiliko hayo mapana. Kwa hiyo, mwanafunzi anayeshika kipaza sauti leo ameshika kitu ambacho kizazi kilichomtangulia kilinyimwa. Swali ni anakitumiaje.

3.0 Suala la Hadhira

Pingamizi kuu dhidi ya kuihesabu redio katika fasihi simulizi ni kwamba fanani na hadhira hawaonani. Pingamizi hili lina uzito. Tangu Ruth Finnegan achapishe utafiti wake kuhusu fasihi simulizi ya Kiafrika mwaka wa 1970, imekubalika kwamba utendaji ni kiini cha fasihi hiyo, si pambo lake. Mtambaji anaposema "Paukwa!" akakosa "Pakawa!", ngano haijaanza.

Walter Ong, katika kitabu chake cha mwaka wa 1982, aliitazama redio kama usimulizi wa pili: sauti iliyorudi baada ya maandishi na inayoyategemea. Maelezo hayo yanafaa, lakini hayatofautishi sauti inayosikilizwa na sauti inayojibiwa. Tofauti hiyo iligusiwa mapema zaidi na mwandishi wa Kijerumani Bertolt Brecht. Mwaka wa 1932 alilalamika kwamba redio ilikuwa chombo cha kusambaza tu, akataka igeuzwe kuwa chombo cha mawasiliano, kitakachompa msikilizaji uwezo wa kusema. Mswahili hahitaji kwenda Ujerumani kulielewa wazo hili. Malumbano ya Muyaka bin Haji wa Mombasa na washairi wa Lamu, mwanzoni mwa karne ya 19, yalivuka bahari. Walumbanaji hawakuwa wakitazamana, lakini kila shairi lilingojewa jibu lake. Umbali haukuua utendaji. Ambacho kingeuua ni kukosekana kwa jibu.

4.0 Salamu, Malumbano na Mchezo

Kwa kigezo hicho, vipindi vya redio ya wanafunzi havilingani. Kipindi cha salamu, ambacho wasomi hukidharau, ndicho kilicho karibu zaidi na uwanja wa fasihi simulizi. Asili yake ni kadi za salamu za redio ya taifa: msikilizaji alijaza majina ya jamaa na marafiki, akajipa lakabu, akafunga kwa msemo aliouchonga mwenyewe. Lakabu hizo ni majigambo mafupi, na misemo hiyo ni methali zinazojaribiwa kabla ya kukubaliwa na umma. Simu ya mkononi imeiondoa kadi lakini haikuiondoa fani. Katika salamu msikilizaji ni mtunzi, na mtangazaji ni mghani wake.

Malumbano ya kishairi nayo yana nafasi ya pekee. Redio ya chuo ina kile ambacho magazeti hayana, yaani sauti. Mizani, vina na mahadhi vilivyobaki kimya ukurasani hurejeshewa uhai wake, na anayebishwa anaweza kujibu kabla ya juma kwisha. Inasikitisha kwamba mwanafunzi anayefundishwa bahari za ushairi darasani asubuhi huenda studioni jioni asizikumbuke, kana kwamba utenzi na wimbo ni mali ya mtihani.

Mchezo wa redio ndio unaozua tatizo. Huandikwa na kundi dogo, huigizwa na kundi hilo hilo, kisha hupeperushwa kwa wasiokuwamo. Hadhira ya mchezo husikia tu. Hapo ndipo ua wa chuo unapoanza kuwa na maana ya kifasihi.

5.0 Ua na Hewa

Chuo Kikuu cha Pwani kilianza mwaka wa 2007 kama chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Kenyatta, katika viwanja vya iliyokuwa Taasisi ya Kilimo ya Kilifi, na kikapata hati ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka wa 2013. Kama vyuo vikuu vingine vya umma, kinapokea wanafunzi kutoka kila pembe ya Kenya. Nje ya lango lake huzungumzwa Kigiriama, Kichonyi, Kikauma na lugha nyingine za Wamijikenda, pamoja na Kiswahili cha wenyeji ambacho si kile cha vitabuni wala si Sheng ya Nairobi. Redio yoyote ya wanafunzi katika mazingira haya, hata ikinuia kuwafikia walio bwenini tu, husikika Mnarani ng'ambo ya hori na kwenye vibanda vya soko la Charo wa Mae. Mawimbi huvuka ua. Haki ya kujibu haivuki, kwa kuwa anayejua nambari ya studio na lugha ya mzaha wa bwenini ni mwanachuo.

Vichekesho vya Kenya vimejijengea mhusika wa Kipwani aliyekwisha kukauka: mvivu, mpole, mwenye lafudhi ya kuchekwa, na nyuma yake mzee mwenye mvi anayeroga. Kwa mhakiki wa fani, huyu ni mhusika bapa tu. Kwa Kilifi, ni zaidi ya hivyo. Katika kaunti hii wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na baadhi ya mauaji hayo yamehusishwa na ugomvi wa ardhi na urithi. Huko Kaya Godoma, katika eneo la Ganze, wazee waliokimbia makwao wamewahi kupewa hifadhi. Haidaiwi hapa kwamba mchezo wa wanafunzi humwua mtu. Linalodaiwa ni kwamba mchezo unaomfanya mwenye mvi kuwa mchawi wa kuchekesha hukopa taswira ile ile inayotumiwa na wauaji, na humfikia mzee huyo akiwa na redio yake barazani, asiweze kuujibu.

Itasemwa kwamba kejeli ni haki ya fasihi na kwamba ngano zenyewe za Wamijikenda zina wachawi. Ni kweli. Lakini katika ngano hadhira inamjua mtambaji, na mzee anayehisi ametukanwa yupo pale pale. Anaweza kukohoa, kukatiza, au kutamba ngano yake ya kujibu. Kejeli ya uwanjani ina kizuizi chake ndani yake. Redio imekiondoa kizuizi hicho, hivyo inampasa mtayarishaji akirudishe kwa makusudi.

Historia ya mahali hapa inatoa mfano. Mwaka wa 1913 Mekatilili wa Menza alipowahamasisha Wagiriama dhidi ya utawala wa Waingereza, alitumia ngoma ya kifudu kukusanya watu. Ujumbe wake haukushuka kutoka juu; ulichezwa na wale wale uliowalenga. Redio ya chuo inayotaka kurithi desturi hiyo haina budi kumwingiza studioni mama wa sokoni na mvuvi wa hori, si kama mada bali kama mafanani, wakisema kwa Kigiriama inapobidi. Katiba ya mwaka wa 2010, katika Kifungu cha 7, inaitaka dola ikuze matumizi ya lugha za kienyeji. Taasisi ya umma haiwezi kujitoa katika wajibu huo.

6.0 Hitimisho

Imebainishwa kwamba redio ya wanafunzi ni utanzu mseto: salamu na malumbano yake yanaendeleza fasihi simulizi, ilhali mchezo wake unaelekea kuiacha hadhira bila sauti. Kasoro hii si ya chombo bali ya mpangilio, na inaweza kurekebishwa kwa jambo dogo kama kutenga muda, baada ya kila mchezo, wa wasikilizaji wa nje ya chuo kutoa hukumu yao hewani.

Liko pia jukumu la idara za fasihi. Matangazo yasiyohifadhiwa hupotea wanafunzi wanapohitimu, na pamoja nayo hupotea lakabu, misemo, mashairi na makosa ambayo kizazi kijacho kingejifunza kwayo. Idara inayowatuma watafiti vijijini na vinasa sauti kurekodi ngano za wazee haina sababu ya kuacha studio iliyo hatua chache kutoka maktabani bila hata kanda moja. Uhakiki wa fasihi hii hauwezi kukomaa kabla ya kuwapo matini za kuhakiki. Na mzee aliye ng'ambo ya hori hawezi kupewa jibu la haki na watu wasiokumbuka walichomtamkia.