Macho Yanayotutazama: Ziwa la Naini na Wasimulizi Wake

Wengi wetu tukirudi kutoka safari huandika makala ya aina moja: nilifika, nikavua viatu, nikastaajabu, nikarudi. Msomaji hupewa mandhari, hapewi hoja. Mimi nami nilifika Nainital, mji wa milimani katika jimbo la Uttarakhand, kaskazini mwa India, na viatu nikavua. Lakini sitawachosha kwa hayo. Nia yangu ni kulihakiki hekalu la Naina Devi, lililo ukingoni mwa ziwa, kama tunavyohakiki kazi yoyote ya fasihi, kwa sababu linatia mashakani mambo tunayofundishwa, na kuyakubali kirahisi mno, katika somo la fasihi simulizi.

Tuanze na kisa chenyewe. Sati, binti Daksha, aliolewa na Shiva, mume ambaye baba mtu hakumtaka. Daksha akaandaa tambiko kubwa, miungu ikaalikwa, mkwe akaachwa. Sati akaenda hivyo hivyo. Mumewe akatukanwa mbele yake, naye kwa uchungu akajitoa uhai motoni. Shiva akaubeba mwili wa mkewe, akazunguka nao kama aliyerukwa na akili, mpaka Vishnu akaukata vipande kwa gurudumu lake. Kila kipande kilipoanguka pakawa mahali patakatifu. Hapa, wanasema, yalianguka macho, ndiyo naina, na ziwa lenyewe lina umbo la jicho.

Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza atadakia papo hapo: kisasili hicho! Sawa. Lakini mbona wenyeji wana kingine, kinachonasibishwa na Skanda Purana, cha marishi watatu, Atri, Pulastya na Pulaha, waliofika na kiu, wakachimba shimo, likajaa maji ya ziwa Manasarovar la Tibet? Na mbona kuna hekalu jingine la Naina Devi huko Bilaspur, Himachal Pradesh, nalo linasema macho ni yake? Mtu aliyezoea vitabu huuliza nani mwongo. Sisi tunaokubali muuaji wa Liyongo awe mwanawe katika masimulizi haya na mpwawe katika mengine, hatuna haki ya kuuliza hivyo.

Sasa ingia ndani. Unapita mti mkubwa wa mpipali uani, unagonga kengele, unasogea na foleni. Kali yuko kushoto, Ganesha kulia. Katikati, pale ulipotarajia sanamu ya mungu wa kike mwenye mikono mingi, kuna macho mawili tu. Basi. Wahindu wana neno darshan: mwenda hekaluni haendi kutazama tu, anakwenda kutazamwa. Hapo ndipo nilipokwama. Katika mihadhara yetu kuna fanani na kuna hadhira. Fanani hutenda, hadhira hutazama, huitikia, hupiga makofi. Hapa hadhira ndiyo inayotazamwa, na kinachoitazama ni kile kile kilichodondoka katika kisa. Ukikiandika kisa kile daftarini na kuliacha jicho nyuma, umechukua ganda. Nadhani ndivyo tunavyofanya tukienda vijijini na kinasa sauti, kisha tunapewa alama nzuri.

Tena tunaambiwa ni hekalu la kale. Kale gani? Tarehe 18 Septemba 1880, baada ya mvua kubwa, mlima uliporomoka ukaua watu 151, ukaifukia hoteli ya Victoria na hekalu pamoja. Jengo la sasa ni la 1883, mwaka uleule wa Beit al-Ajaib ya Sultan Barghash kule Unguja. Kwa mpimaji wa kuta, basi, si la kale hata kidogo. Ila waumini walirudi ziwani palepale wakajenga upya. Kilichokuwa cha kale hakikuwa ukuta, hivyo hakikufukiwa.

Kuna msimulizi wa tatu, na huyu sina huruma naye. P. Barron, Mwingereza mfanyabiashara wa sukari kutoka Shahjahanpur, ndiye anayetajwa kuwa “aligundua” ziwa hili mwaka 1841. Aligundua! Aliandika kitabu kilichotoka Agra mwaka 1844, na jina alilojipa kama mwandishi ni Pilgrim, yaani hujaji. Kisa kinachosimuliwa mpaka leo ni kwamba alipandisha mashua mpaka kule juu, akampakia mwenyeji aliyekuwa na dai juu ya ardhi ile, walipofika katikati ya maji akamtishia kumtosa asipotia sahihi kuiachia. Hujaji gani huyo? Sisemi mashua na macho ya Sati ni habari za aina moja, maana ya kwanza yanaweza kuchunguzwa kwa hati. Ninachouliza ni kwa nini simulizi la macho tunaliweka chini ya visasili, na lile la “ugunduzi” tunaliweka chini ya historia, wakati nalo kazi yake ni ileile: kueleza ziwa limetoka wapi na ni la nani.

Mbele yake namweka Jim Corbett, mzaliwa wa Nainital, 1875, ambaye kaburi lake liko kwetu Afrika Mashariki, Nyeri, alikofia mwaka 1955. Katika kitabu chake kuhusu chui-milia wa hekaluni, kilichotoka 1954 akiwa Kenya, kuhani wa Dabidhura, hekalu jingine katika milima hiyohiyo ya Kumaon, anamwambia mwindaji kwamba mnyama yule hatauawa. Corbett anajaribu mara kwa mara, anashindwa, na msuko anauacha uishe kwa kumpa ushindi kuhani. Hafafanui. Ni kweli yeye ni bwana mkubwa, na wapagazi wake aghalabu hubaki vivuli. Dosari hiyo siifichi. Lakini anajua kumwachia mwenzake neno la mwisho, jambo ambalo Pilgrim na wahakiki wengi, nami nikiwamo, hatuliwezi.

Mwezi Septemba husherehekewa Nanda Devi. Sanamu za Nanda na Sunanda hutengenezwa kwa migomba, huvishwa, hupambwa, huabudiwa, kisha huzamishwa ziwani. Mwaka unaofuata hukatwa migomba mingine. Mhadhiri wangu aliniuliza matini ya sherehe hiyo iko wapi ili niiambatanishe na kazi yangu ya semina. Nikamjibu iko majini, akaandika pembeni kwa kalamu nyekundu: “Chanzo hakipatikani.”