Tiketi ya Kibwezi Hukatwa Lini?

Susu, nyanya yangu, alikuwa ameketi kwenye kigoda chini ya mwembe, nyumbani Ikutha, akipeta ndengu. Mimi nilikuwa nimeinamia simu ya kabambe, nabonyeza *639#, nambari ya kukatia tiketi za treni. Akaniuliza bila kusimamisha ungo: "Mjukuu wangu, hiyo nauli ya treni, tukingoja hadi mwezi ujao, itapanda?"

"La, susu. Nauli haitapanda. Viti ndivyo vitakwisha."

Ungo ukasimama. "Basi ni mambo mawili tofauti," akasema.

Ni mawili tofauti kweli, na wengi wetu huyachanganya. Tumezoea kuambiwa kwamba anayekata tiketi mapema hulipa kidogo. Ushauri huo ulitoka kwenye ndege na meli za kitalii, ukasambaa hadi tukauchukua kama sheria ya kila safari. Sisi tulikuwa watu kumi na mmoja tukimpeleka susu kuiona bahari kwa mara ya kwanza maishani mwake, na fedha zilikuwa za ndengu. Kwa hiyo nilikaa na daftari nikajiuliza swali jingine kwanza: katika kila chombo tutakachopanda, bei inabadilishwa na nani, na kwa sababu gani?

Tuanze na meli, ingawa sisi hatungeipanda, maana huko ndiko mchezo huu wa bei umekomaa. Chumba kisichouzwa hadi meli inapong'oa nanga ni hasara isiyorudi. Hakiwekwi ghalani kama gunia la ndengu kingoje mnunuzi wa kesho. Ndiyo maana kampuni za meli za kitalii huwa na milango miwili ya unafuu. Mmoja hufunguliwa mapema, hasa kati ya Januari na Machi, wanapowavuta watu wajiandikishe kwa safari za mwaka mzima. Mwingine hufunguliwa mwishoni, vyumba vikibaki. Anayefika katikati hulipa zaidi. Mashirika ya ndege ya Marekani yalipoachiwa kujipangia nauli mwaka 1978 yalijifunza hesabu hiyo hiyo: viti vya ndege moja vikagawanywa mafungu, fungu la bei nafuu likiisha, linafunguliwa la bei ya juu. Hapa kwetu Jambojet, iliyoanza kuruka mwaka 2014, hutumia utaratibu huo, na anayekwenda Mombasa kwa ndege anajua kwamba jirani yake wa kiti huenda alilipa nusu ya alicholipa yeye.

Treni ya Madaraka haifanyi hivyo. Ilipozinduliwa 31 Mei 2017, nauli ya daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ilikuwa shilingi 700. Ikapanda hadi 1,000. Tangu 1 Januari 2024 ikawa 1,500, na daraja la kwanza likatoka 3,000 hadi 4,500. Tazama jinsi nauli hizo zinavyobadilika: kwa tangazo, siku moja, kwa watu wote. Hazipandi kwa sababu ni tarehe 23 Desemba, wala hazishuki kwa sababu behewa li tupu Jumatano ya Februari. Anayekata tiketi wiki nyingi kabla na anayeikata jana yake hulipa sawasawa, ikiwa huyo wa jana atapata kiti.

Kwa hiyo kukata mapema tiketi ya treni hakukupunguzii hata shilingi. Unachonunua ni uhakika wa kiti, na uhakika huo una thamani kubwa zaidi kwetu sisi wa Makueni na Kitui kuliko kwa mtu wa Nairobi. Treni inayosimama kwetu ni ile ya asubuhi ya kupitia kaunti, inayoondoka saa mbili na kugusa Athi River, Emali, Kibwezi, Mtito Andei, Voi, Miasenyi na Mariakani. Zile za mwendo wa haraka, ya alasiri na ya usiku, hazituhusu sana. Na ile moja tunayoingojea inafika Kibwezi tayari imebeba watu. Kiti kilichouzwa Nairobi hadi Mombasa hakiwezi kuuzwa tena Kibwezi. Mtu wa Nairobi akikosa ya asubuhi atajaribu ya alasiri, akikosa hiyo atajaribu ya usiku. Sisi tukiikosa ile moja tunarudi barabarani kusimamisha basi.

Chombo cha mwisho ni basi, na hapo bei hubadilishwa na makanga akiwa mlangoni. Kila mtu wa Ukambani aliyewahi kufika Machakos Country Bus jijini Nairobi siku mbili kabla ya Krismasi anajua ninachosema. Nauli ya Kitui au Wote hukaribia kuwa mara mbili, na bado watu wanaingia kupitia dirishani. Tumelalamika miaka mingi kwamba ni uroho, na uroho upo, lakini ipo pia hesabu inayofaa kueleweka. Gari linatoka Nairobi limejaa, likifika Kitui linageuka kurudi likiwa tupu, kwa sababu hakuna anayekwenda Nairobi tarehe 23 Desemba. Mafuta ya kurudi hulipwa na waliokuja.

Sasa igeuze hesabu hiyo. Siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, mwenye safari ya kutoka Kitui kwenda Nairobi husubiriwa kwa hamu. Gari lazima lirudi, na abiria yeyote anayepatikana ni faida. Nimewahi kuita bei yangu mwenyewe stejini Kitui mkesha wa Krismasi na makanga akakubali kabla sijamaliza sentensi. Meli za kitalii zina jambo linalofanana na hilo: zinapohama kutoka bahari moja kwenda nyingine msimu unapobadilika, safari hiyo ya kuhamia huuzwa kwa bei nafuu, kwa kuwa meli itakwenda tu, iwe na watu au isiwe nao. Kwa mtu wa basi, cha kutazama ni mkondo wa watu: wengi wanaelekea wapi siku hiyo, na wewe unaelekea wapi.

Nilipomaliza hayo, Desemba ikaanguka yenyewe. Ndugu zangu walikuwa wameshaipanga, kwa sababu ndipo wote huwa nyumbani. Lakini Desemba mikondo yote miwili inatupinga. Nairobi nzima inashuka pwani, kwa hiyo treni inafika Kibwezi imejaa, hata katika miaka ambayo Shirika la Reli limeongeza treni ya ziada kwa sikukuu. Wakamba wa Changamwe na Mikindani nao wanapanda kuja nyumbani, kwa hiyo mabasi ya kutoka Mombasa ni ya kugombania. Na kuna jambo la tatu ambalo mashauri ya wasafiri wa Ulaya hayaligusi kabisa: Desemba mkulima wa Ikutha hana fedha. Mvua za vuli zimeanza, ndengu ziko shambani, na kinachotakiwa ni jembe la palizi. Ndengu huvunwa Januari na Februari. Hata maembe ya Makueni, ambayo huanza kuiva mwishoni mwa mwaka, Desemba huwa ndiyo kwanza yanaingia sokoni. Anayesafiri Desemba kwa fedha za mavuno yanayokuja anasafiri kwa mkopo, na riba ya mkopo ni sehemu ya nauli, hata kama haikuandikwa kwenye tiketi.

Februari ingekuwa bora kwa kila kipimo, ila watoto wako shuleni, na susu alikataa katakata kwenda bila wajukuu. Tukabaki na Aprili. Mwaka 2025 Pasaka iliangukia tarehe 20 Aprili, na shule zilikuwa zinafunguliwa 28. Kati ya tarehe hizo mbili palikuwa na mwanya wa siku saba. Jumatatu ya Pasaka watu wa Nairobi wanarudi kazini kutoka pwani. Jumanne tarehe 22, sisi tungekuwa tunakwenda kule walikotoka wote.

Nikaandika: kwenda Jumanne 22, kurudi Ijumaa 25.

Safari ya kwenda haikunipa wasiwasi. Iliyonitisha ni ya kurudi, maana Ijumaa hiyo ndiyo ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa, na kila mzazi aliyepeleka watoto kwa shangazi yao Mombasa angekuwa anawarudisha. Kwa hiyo dirisha la kukata tiketi za tarehe zetu lilipofunguka tulikata tiketi za kurudi kwanza, halafu za kwenda. Watu wengi hufanya kinyume, kwa kuwa moyo uko kwenye kwenda. Ila ukikosa kiti cha kwenda unalala nyumbani kwako. Ukikosa cha kurudi unalala kwa fedha.

Kukata kwenyewe kulituchukua jioni nzima. Watu wazima sita, binti wa miaka 13 ambaye hulipa kama mtu mzima, na watoto wanne wa kati ya miaka 3 na 11 ambao hulipa nusu: jumla ni nauli tisa. Niliandika majina na nambari za vitambulisho kwenye ukurasa mmoja wa daftari kabla sijagusa simu, kwa sababu kipindi cha USSD hakimngojei mtu anayetafuta kitambulisho kwenye mkoba. Na fedha ziwe tayari kwenye M-Pesa, na ziada ya kutosha. Mabehewa ya daraja la kawaida yana viti vitatu upande mmoja na viwili upande mwingine, na viti vinatazamana. Ukikata kwa pamoja una nafasi nzuri ya kukaa pamoja. Ukikata leo wawili na kesho watatu, mtoto atajikuta anatazamana na mgeni hadi Mariakani.

Nyumba tuliitafuta Bamburi, na huko nilifanya kinyume cha treni: nilichelewa kwa makusudi. Kuanzia Aprili mvua za masika huanza kuipiga pwani na wageni hupungua. Pasaka ikipita, mwenye nyumba anatazama vyumba vitupu hadi Julai. Nilimpigia simu Jumapili ya Pasaka jioni, wageni wake wakifungasha mizigo, na akatupa siku tatu kwa fedha aliyotaja ya siku mbili. Ningempigia Februari angenitajia bei ya Pasaka. Chumba cha kulala pwani kina tabia ya meli, kikibaki hushuka. Kiti cha treni hakina tabia hiyo.

Nikiwa kwenye habari ya bei, iko sehemu moja katika kaunti ya Makueni ambapo hesabu zangu zote hukoma. Hekalu la Masingasinga pale Makindu limekuwako tangu 1926, na msafiri anayepita barabara ya Mombasa hupewa chakula bila kuulizwa dini wala kulipishwa, Krismasi au siku ya kawaida. Nimekula pale nikiwa mwanafunzi nisiye na kitu, dengu na chapati, na kila ninapopita Makindu huvua kofia.

Jumanne ile tulitoka Ikutha alfajiri kwa matatu ya kukodi. Barabara ya Kibwezi hadi Kitui sasa ni lami, na bila lami hiyo makala haya yasingekuwapo. Zamani kufika reli kutoka upande wetu wa mto Athi ilikuwa safari ndani ya safari: vumbi jekundu, gari kukwama, na mvua ikinyesha mtu hajui atafika lini. Ungekata tiketi vipi ya treni inayoondoka kwa dakika, ikiwa barabara ya kukufikisha stesheni haina saa? Ni lami iliyotufanya sisi wa Kitui Kusini tuwe abiria wa reli. Tulivuka Athi jua linachomoza, susu akiwa kiti cha mbele na kikapu cha maembe mapajani.

Kibwezi tulifika mapema kupita kiasi, na sijutii. Treni ilipoingia, behewa letu lilikuwa na viti vitupu hapa na pale, jambo ambalo Desemba nisingeliota. Susu alipewa kiti cha dirishani. Baada ya Mtito Andei, tulipoingia mbuga ya Tsavo, akaona ndovu wawili wekundu kwa udongo, akamshika mkono mtoto aliyekuwa karibu na kumwonyesha kwa Kikamba kwamba hao ndio waliokuwa wakila mtama wa baba yake.

Ijumaa, pale Miritini, kwenye stesheni ya Mombasa, mambo yalikuwa kama nilivyohofia. Mizigo ilipangwa mstari chini, mbwa wa polisi wakipita kuinusa, na foleni ya watu ilifika nje. Kwenye kaunta mama mmoja mwenye watoto wawili waliovaa sare za shule alikuwa anaambiwa kwamba ya asubuhi imejaa, ajaribu ya alasiri. Yeye alikuwa anashuka Emali, na ya alasiri haisimami Emali. Nilimwelekeza kwenye mabasi ya Nairobi yanayopita Emali, nikamsaidia kubeba begi hadi kwenye tuktuk, na treni yetu nikaipanda zikiwa zimebaki dakika chache.

Susu alikuwa ameshaketi, chupa ya maji ya bahari imefungwa vizuri kwenye leso. Tulipopita Mariakani akaniuliza ndengu za mwaka ujao zikikubali, tutaenda tena mwezi gani. Nikatoa daftari. Pasaka ya 2026 ingeangukia tarehe 5 Aprili.