Kobalti ya Kasese: Kazi Waliyopewa Bakteria

Mgodi wa shaba wa Kilembe, chini ya Milima ya Rwenzori, ulipofungwa uliiachia Uganda rundo la pairaiti, madini ya chuma na salfa, la tani milioni 1 hivi mjini Kasese. Ndani yake mlikuwa na kobalti, karibu asilimia 1.4. Mvua ilipolinyeshea, maji yalitoka na tindikali na metali, yakateremka hadi Hifadhi ya Malkia Elizabeth na kuunguza mimea njiani.

Ugumu wa Kasese ni kwamba kobalti ilijificha ndani ya fuwele za pairaiti. Kusaga na kuosha hakungeitoa. Lazima pairaiti yenyewe ivunjwe. Tanuri lingeweza, lakini kwa moshi mwingi wa salfa. Wataalamu wa BRGM, taasisi ya Ufaransa, wakachagua bakteria, na kwangu hapo ndipo ulipo ubora wa kazi hii: mmenyuko uleule wa kuivunja pairaiti uliokuwa ukiiharibu hifadhi ulifungiwa ndani ya tangi na kusimamiwa.

Kiwanda kilianza mwaka 1999. Unga wa pairaiti ulichanganywa na maji ukawa uji, ukaingizwa kwenye matangi, yale ya kwanza yakiwa na zaidi ya mita za ujazo 1,300 kila moja. Bakteria hujipatia nguvu kwa kubadili chuma kilichoyeyuka kiwe cha aina kali zaidi. Chuma hicho huishambulia pairaiti, na kobalti huachiliwa. Kazi hiyo hutoa joto jingi, hivyo mabomba ya maji yalipoza uji ubaki kwenye nyuzi 42 hivi. Hewa nayo ilipulizwa usiku na mchana, maana bila oksijeni bakteria hawafanyi kazi. Umeme uliohitajika ni mwingi, na kampuni iliyoendesha kiwanda ilikuwa na kituo chake cha umeme kwenye Mto Mubuku.

Baadaye mawe ya chokaa yalipunguza tindikali na kuangusha chuma; zinki na shaba zikaondolewa, kisha umeme ukaigandisha kobalti kwenye mabamba. Bei ya kobalti iliposhuka, uzalishaji ulisimama kwa muda. Rundo lilimalizika mwaka 2013. Jasi iliyotokana na chokaa hiyo na chuma kilichoangushwa vilihifadhiwa bwawani, na bwawa hilo bado linahitaji mlinzi.