Mpango wa Intaneti na Mama wa Mihogo

Mwezi wa Septemba 2019 Serkali ya inchi yetu ya Kongo ilitoa kitabu kiitwacho Plan National du Numérique, ndio mpango wa simu na intaneti mpaka mwaka wa 2025. Mwaka huo umetimia, basi ni haki kukipima.

Hatukidharau. Kimepangwa vema, nacho kinasimama juu ya nguzo 4: mitambo, mambo ya kusoma na kusikia, matumizi, na utawala. Wala hakikuachwa sandukuni: sheria ya simu ilifuata mwaka wa 2020, na nyingine kubwa mwaka wa 2023.

Lakini nguzo hizo hazina urefu mmoja. Waya wa baharini uitwao WACS ulifunguliwa Muanda mwaka wa 2013, na hilo ni jambo kubwa kweli. Bali toka Muanda mpaka Kisangani au Bukavu ni msitu na mito. Tena mnara wa simu, ukisimamishwa mahali pasipo umeme, mara nyingi hula mazutu. Mazutu hupita barabarani, na barabara zetu mnazijua.

Neno linalotuumiza zaidi ni hili: mtu wa kijiji alitozwa kabla ya kuona faida. Mwaka wa 2020 ilianza kodi ya RAM, ya kuandikisha simu, ati kwa kupigana na simu za wizi na za bandia. Ikakatwa katika pesa ambazo mtu ameweka ndani ya simu yake. Mama mwuza mihogo anatia kidogo apate kusema na mtoto wake aliye mjini. Anakuta zimepungua, wala hakuna aliyemweleza. Watu wakanung'unika, hata bungeni wakasema, na mwaka wa 2022 kodi hiyo ikafutwa. Je, mama huyo ataamini vipi Serkali ikimwambia leo aweke akiba yake au karatasi zake ndani ya simu?

Na akitaka kujisomea? Mpango ni Kifaransa, sheria ni Kifaransa. Lakini Katiba ya 2006 inataja Kikongo, Kilingala, Kiswahili na Tshiluba kuwa lugha za taifa, na Serkali inaagizwa kuzikuza. Hapo ndipo nguzo ya pili ilipaswa kuanza. Kurasa chache za Kiswahili, zikisomwa redioni jioni, zingalimwonyesha mama wa mihogo pesa zake zinakwenda wapi.