Gari la Kitufe Kimoja

Magari ya rimoti ya bei nafuu yaliyopangwa kwenye meza za soko la Kadutu yaliwaliza watoto wengi wa Bukavu, nami nikiwamo. Watu husema yalikuwa mabaya kwa sababu yaliharibika upesi. Hoja hiyo haitoshi: langu lilinivunja moyo likiwa zima. Kasoro yake imo katika fani.

Tuanze na boksi. Pichani gari linapanda majabali na kutimua vumbi. Ahadi yake kwa mtoto ni utawala. Ndani mna ganda la plastiki lenye milango ya kuchora, na rimoti yenye antena ndefu na kitufe kimoja. Ukiliwasha kwa swichi iliyo tumboni, gari linaondoka papo hapo, kabla hujagusa chochote. Ukibonyeza, linarudi nyuma likikata kona, daima upande uleule. Ukiachia, linakwenda mbele tena. Mota ni moja, na kazi yote ya kitufe ni kuigeuza izunguke kinyume. Kusimama hakumo. Anayetaka lisimame alikimbilie, alinyanyue, alizime.

Hapo ndipo fani inapoikana ahadi ya boksi. Mwenye rimoti alitarajiwa kutulia, gari lihangaike. Badala yake mtoto ndiye anayehema nyuma ya gari. Tena Bukavu ni mji wa miinuko: ua ukiisha, mara nyingi kinachofuata ni mtaro au mteremko. Jirani akija na gari kama hilo, mambo huzidi kuvurugika: mengi yalitumia masafa yaleyale, megahezi 27, hivyo rimoti moja iliyaamrisha yote mawili. Na ujuzi haukukosekana duniani. Mwaka 1898, huko New York, Nikola Tesla alionyesha boti iliyoongozwa kwa redio, ikaondoka, ikasimama na kugeuka kwa amri yake.

Liweke gari hilo kando ya gari la waya tulilojitengenezea. Bodi ni kopo la sadini, magurudumu yamekatwa kwenye kandambili kuukuu, na waya mrefu wenye usukani unafika kifuani pa mtoto. Ukikunja kulia, magurudumu ya mbele yanakunja kulia. Ukisimama, linasimama. Halina mota wala halijifanyi kuwa nayo. Kila kiungo kinachoonekana kina kazi, na kila kazi inaonekana. Kukimbia kwa mtoto humo ni sehemu ya mchezo, maana yeye ndiye injini.

Hukumu yangu basi: gari la waya ni kazi iliyokamilika, na lile la dukani ni boksi zuri lenye gari baya. Mzazi unayenunua leo, achana na picha. Hesabu vitufe: mbele, nyuma, kushoto, kulia. Vikipungua, rudisha mezani.