Diski Kwanza, Nywila Baadaye

Uchaguzi wa Machi 4, 2013 ulipoleta serikali za kaunti, mabaraza 175 ya serikali za mitaa nchini Kenya yalikoma kuwepo kisheria. Kisii na Nyamira zikarithi mali ya mabaraza yaliyokuwa katika maeneo yao: majengo, magari, madeni, wafanyakazi, rejista za ploti, na kompyuta. Mamlaka ya Mpito ilikuwa na jukumu la kusimamia orodha ya mali hiyo, lakini orodha za namna hiyo huandika kitu chenye umbo, yaani meza, kabati, mashine na namba yake ya usajili. Haziandiki nani anajua nywila. Mabaraza mengi yalikuwa yakiweka hesabu zake kwenye LAIFOMS, mfumo wa fedha ulioletwa na mpango wa mageuzi ya serikali za mitaa, na kaunti zikahamia mfumo mwingine, IFMIS. Mfumo unapoachwa hivyo, seva iliyoubeba hubaki chumbani na msimamizi wake huenda zake: anastaafu, anahamishwa, anafariki. Rekodi za miaka kumi hukaa nyuma ya skrini inayodai neno ambalo hakuna aliyebaki ofisini anayelijua.

Kwamba rekodi za aina hiyo zina thamani, Keroka inatosha kuwa ushahidi. Mji huo umekaa mpakani, kwenye barabara ya Kisii kwenda Sotik, na kaunti hizo mbili zimevutana kwa miaka kuhusu nani akusanye ushuru wa soko na ada za biashara. Katika mvutano kama huo, daftari la zamani la nani alilipa kodi ya ploti gani, kwa baraza lipi, mwaka gani, huwa na uzito kuliko hotuba. Ndivyo ilivyo pia kwa rekodi za kiwanda cha majani chai, iwe mkulima anapeleka majani Nyansiongo au Kiamokama: kilo za miaka iliyopita zikipotea, hana pa kushika anapodai alichopunjwa. Kwa hiyo hili ni suala la haki za watu, na fundi anayeitwa kuifungua seva ya zamani amekabidhiwa mambo ya watu wengi asiowajua.

Swali analoulizwa fundi huyo, karibu kila mara, ni jinsi atakavyoivunja nywila. Ninaona kuwa swali hilo limekaa vibaya tangu mwanzo. Kinachotafutwa ni faili, na nywila ya msimamizi hailindi faili kwa namna ambayo wengi wanadhani. Inalinda mlango mmoja tu, ule unaofunguliwa na mfumo endeshi ukiwa umeshawaka na unajitawala. Mashine ikiwa imezimwa, na diski iko mkononi mwako, mfumo huo haupo wa kukuuliza chochote. Aliye na diski ana faili, isipokuwa zile zilizofichwa kwa msimbo, na hizo nitazifikia.

Historia ya seva zenyewe inathibitisha hili. NetWare ya Novell, iliyotawala ofisi za dunia mwanzoni mwa miaka ya 1990, iliweka watumiaji wa toleo la 3 katika hifadhidata ndogo iitwayo bindery, faili tatu tu kwenye diski ya seva. Aliyeketi mbele ya kiweko cha seva yenyewe angeweza kupakia moduli iliyobadilisha nywila ya akaunti ya SUPERVISOR bila kuijua ya zamani. Windows NT ikaja na faili iitwayo SAM, inayohifadhi nywila zikiwa zimesagwa kihesabu kiasi kwamba huwezi kuzisoma kurudi nyuma. Mwaka 1997 Petter Nordahl-Hagen, raia wa Norway, akatoa programu iliyoonyesha kuwa hakuna haja ya kuzisoma. Unawasha mashine kwa Linux ndogo iliyo kwenye disketi, na baadaye kwenye sidii, unaifungua SAM kama faili nyingine yoyote, unafuta kilichosagwa, unawasha upya na kuingia bila nywila. Linux nayo, ikiwa haikuwekewa ulinzi wa ziada, ni rahisi kuliko hizo: kwenye menyu ya GRUB unaongeza maneno init=/bin/bash, mashine inakupa mamlaka yote kabla ya kuuliza jina lako, unaufanya mfumo wa faili uandikike, kisha unaita passwd. Mifumo mitatu, waundaji watatu, na udhaifu ni uleule. Hakuna hata mmoja kati yao aliyezembea. Mashine inayotii amri za aliye mbele yake haina namna ya kujua kama ni mwenyewe au mgeni.

Basi mafundi hufanya hivyo moja kwa moja juu ya diski halisi, na hapo ndipo hasara inapoingia. Kwenye Windows Server 2003, faili zilizofichwa kwa msimbo wa EFS hufunguliwa kwa funguo zinazotokana na nywila ya mwenyewe. Ukiilazimisha nywila ibadilike kutoka nje, umejifungia faili hizo wewe mwenyewe. Kama seva ndiyo inayosimamia domeini, watumiaji hawako kwenye SAM bali kwenye ntds.dit, na SAM unayoihariri inahusu akaunti ya hali ya urejeshaji tu. Fundi hufuta, huwasha, hukataliwa, hurudia, kila mara akiandika juu ya diski ambayo haina nakala. Kwenye Linux inayogawa faili kwa Samba, kubadilisha nywila ya root hakumpi mtu yeyote njia ya kuingia kwenye folda kupitia mtandao, kwa kuwa Samba ina orodha yake ya nywila. Na hata pale mambo yanapokwenda vizuri, kuiwasha seva tu hubadilisha tarehe za mamia ya faili. Betri ndogo ya ubao mama ikiwa imekufa, kama ilivyo kawaida kwa mashine iliyolala miaka, seva huamka ikiamini ni mwaka mwingine kabisa na kuandika tarehe hizo za uongo kila inapogusa. Kwa mtu anayetaka kuthibitisha kwamba risiti iliingizwa mwaka 2009 na haikuundwa juzi, tarehe hizo ndizo mali yenyewe.

Nyanda za juu za Gusii zinaongeza hatari yake. Hewa yenye unyevu kutoka Ziwa Victoria hupanda vilima hivi karibu kila alasiri ya msimu wa mvua, na eneo la Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara nyingi zaidi. Umeme wa radi hauhitaji kulipiga jengo lenyewe. Hupita kwenye nyaya za stima na za mtandao, na umeme ukirudi kwa kishindo baada ya kupotea hudhuru kwa njia hiyohiyo. Diski ya miaka kumi na mitano katika mazingira haya inapaswa kuchukuliwa kuwa imebakiwa na uwashaji mchache. Kila jaribio la nywila linatumia mmoja.

Utaratibu ninaoutetea unaanzia hapo. Seva haiwashwi. Diski zinatolewa, na kila moja inabandikwa namba ya nafasi ilimokaa, kwa sababu diski zilizounganishwa kwa RAID zikichanganywa mpangilio, kazi ya kuzipanga upya ni ndefu na ya kubahatisha. Kila diski inaunganishwa na kompyuta nyingine kupitia kifaa kinachozuia kuandika, kisha inanakiliwa yote, kipande kwa kipande, hata sehemu zinazoonekana tupu. Programu ya ddrescue inafaa kwa diski mbovu kwa kuwa huchukua kwanza sehemu nzima na kurudi baadaye kwenye zile zinazogoma, na huweka kumbukumbu ya ilipofikia, hivyo stima ikipotea katikati huanzi upya. Nakala ikikamilika inapigiwa hesabu ya utambulisho ya SHA-256, na tarakimu zake zinaandikwa kwenye karatasi inayosainiwa. Baada ya hapo diski halisi zinarudi kabatini, na kazi yote inayofuata inafanywa juu ya nakala.

Mara nyingi kazi inaishia hapo. Nakala inafunguliwa kwa kusoma tu, folda zinaonekana, barua, jedwali za hesabu na picha za ramani zinatolewa, na nywila ya msimamizi haikuguswa. Ipo njia ya mkato ambayo lazima ikataliwe hata hapa: kuchukua umiliki wa faili zote kwa amri moja ya Windows. Amri hiyo hufuta jina la aliyekuwa mwenye faili, na hilo jina ndilo linaloweza kumwambia mkaguzi nani aliandika nini.

Watakaopinga watasema kuna data isiyosomeka bila mfumo wake: hifadhidata ya malipo, programu iliyofungwa kwa leseni ya mashine ileile. Ni kweli, na hapo nywila inahitajika. Lakini nakala inaweza kuwashwa ndani ya mashine pepe, na mbinu zote nilizozieleza, ya SAM, ya GRUB, ya hali ya urejeshaji, zikajaribiwa humo. Ikiharibika, unafuta na kuanza na nakala nyingine. Pingamizi la pili ni la muda: ofisi inasubiri, na fundi wa mjini huifungua kwa dakika chache wakati kunakili diski kunachukua saa nyingi. Hili silidharau, kwa sababu anayesubiri mara nyingi ni mwananchi aliye dirishani. Hata hivyo, rekodi iliyokaa bila kuguswa tangu 2013 inaweza kungoja hadi kesho, na kosa la dakika chache halirekebishiki hata kwa mwaka.

Upande wa sheria hauhitaji maneno mengi, ila unapuuzwa. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya 2018 kinaadhibu kuingia kwenye mfumo bila idhini kwa faini isiyozidi shilingi milioni 5, kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Anayesema mashine ni ya ofisi yetu akumbuke kwamba idhini hutolewa na mwenye mamlaka, kwa maandishi, ikitaja mashine na kazi. Karani aliye na ufunguo wa chumba hana mamlaka hayo. Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 106B, inataka rekodi ya kielektroniki iambatane na cheti kinachoitambulisha na kueleza ilivyotolewa. Kesi ya ploti ikifika Mahakama ya Mazingira na Ardhi pale Kisii, karatasi yenye SHA-256 na saini ndiyo itakayompa mwenye kutia saini cheti hicho kitu cha kusimamia. Na kwa kuwa humo ndani mna majina, namba za vitambulisho na mishahara, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaihusu nakala kama inavyoihusu seva.

Wapo wanaoona kuwa kuyaeleza haya hadharani ni kuwafundisha wezi. Mwizi anayejua kompyuta amekuwa nayo tangu 1997. Asiyeyajua ni mkuu wa ofisi anayeamini kwamba nywila inatosha, na kwa hiyo anaiacha seva chini ya meza, kwenye chumba ambacho kila mtu hupita kwenda kuchemsha chai. Anayeelewa kwamba diski ndiyo hazina ataweka kufuli mlangoni, na kwenye mashine mpya ataficha diski nzima kwa msimbo, huku funguo za urejeshaji zikihifadhiwa mahali pengine.

Baada ya faili kupatikana, seva ya zamani isirudishwe kwenye mtandao wa ofisi. Windows Server 2003 iliacha kuhudumiwa na Microsoft Julai 14, 2015, na inagawa faili kwa toleo la kwanza la SMB, njia ileile ambayo programu haribifu ya WannaCry ilipitia Mei 12, 2017 na kufunga kompyuta katika nchi zaidi ya 100. Faili zihamishiwe kwenye mashine inayohudumiwa, na akaunti yake ya msimamizi isiwe ya mtu bali ya ofisi: nywila imeandikwa, imetiwa kwenye bahasha iliyosainiwa na maofisa wawili, imewekwa sefuni, na kutajwa kwenye daftari la makabidhiano. Siku msimamizi anapohamishwa, bahasha inafunguliwa mbele yake na nywila inabadilishwa kabla fomu yake ya kuondoka haijasainiwa.